Njia ya Shinkolobwe na kisanduku cha viraka

Mwezi huu tunatembea upande wa magharibi ya Likasi, njia ya kwenda Shinkolobwe. Lakini hatuendi kuchimba. Tunakwenda kutazama njia yenyewe, na kitu kidogo ambacho kila mwenye kinga, mwenye moto au mwenye motokari inafaa akibebe kabla ya kuondoka nyumbani: kisanduku cha kuziba pine.

Fasi yenyewe

Shinkolobwe iko mwendo wa kilomita kama 20 toka Likasi. Ni inchi ya udongo mwekundu na pori la miombo, sawa vile fasi nyingi za Katanga. Mwaka wa 1915 Robert Sharp, mtu wa Union Minière, alikuta huko jiwe zito lenye uranium. Kwanza Wabelgiji walilitaka kwa sababu ya radium, ambayo waliitoa katika kiwanda cha Olen kwao Ubelgiji tangu 1922. Kisha vita ikaja. Mwaka wa 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo, na mwaka wa 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya uranium ambayo Wamarekani walitumia katika kazi ya mabomu ya kwanza ya atomu ilitoka hapa kwetu. Bomu la Hiroshima lilianguka tarehe 6 Agosti 1945. Karibu na uhuru wa 1960 mgodi ukafungwa, na mashimo yakazibwa kwa betoni.

Kuziba kule hakukutosha. Miaka ya mwisho ya 1990 wachimbaji wa mikono walifika kutafuta cobalt kandokando ya mashimo ya zamani. Mwezi wa Januari 2004 Rais wa Jamhuri alikataza uchimbaji huko. Watu walizidi kuchimba, na mwezi wa Julai mwaka ule ule udongo uliporomoka, watu 8 wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika mwisho wa 2004, wakaona kwamba mashimo yanaweza kuporomoka tena, na kwamba kukaa siku nyingi penye mawe yale kunaweza kudhuru mwili. Basi vijana, tusikilize: njia tunaweza kuipita, lakini mgodi wenyewe ni fasi iliyokatazwa.

Adui wa pine katika njia zetu

Mtu wa Likasi anayetembea upande ule hafikirii bomu. Anafikiri habari ya pine yake. Mwenye makala anasukuma kinga yenye mifuko mitatu toka pori mpaka soko la Kikula. Mama anarudi toka shamba juu ya moto. Kwaya inapanda taxibus kwenda ibada Kambove ao Mulungwishi. Wote wanakanyaga njia moja na makamio ya migodi, yanayobeba shaba, asidi na vyuma vya viwanda, na kila siku kitu kinaanguka: bulo, kipande cha chuma, msumari wa sanduku.

Kuna adui mwingine ambaye wengi hawamjui. Pale watu walipochoma pine ya zamani, mpira unaungua, lakini nyuzi nyembamba za chuma zilizokuwa ndani yake zinabaki katika majivu. Waya ule ni sawa sindano. Unaingia polepole, na pine inashuka usiku, asubuhi unaikuta imelala. Tena ukiacha lami kuna changarawe yenye makali, na katika njia za pori kuna miiba. Wakati wa mvua, matope yanafunika yote, huoni unachokanyaga.

Mpira na inchi yetu

Kabla ya kufika kwenye kisanduku, tukumbuke jambo moja. Pine ya kujaza hewa ilianza kuenea kwa sababu ya kinga ya mtoto yenye magurudumu matatu. Mwaka wa 1888, kule Belfast, John Boyd Dunlop alifunga mpira wenye hewa juu ya magurudumu ya kinga ya mtoto wake, ili isimtikise. Watu wa Ulaya na Marekani wakaipenda sana, na mpira ukatafutwa kila mahali. Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, toka 1885 mpaka 1908. Babu zetu wa misitu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira, na wengi walikufa kwa kazi ile. Mpira ulitoka, jiwe la Shinkolobwe likatoka, na leo tunanunua pine kwa bei ya ng'ambo. Kwa hiyo tusitupe ovyo pine ambayo bado ni nzima, lakini pia tusiuze maisha yetu kwa ajili ya pine iliyokwisha.

Kuchagua kisanduku

Kwanza ujue gurudumu lako. Kuna pine yenye mupira wa ndani: hiyo ni ya kinga, ya moto nyingi, na ya makamio ya zamani. Kuna pine isiyo na mupira wa ndani, ambayo watu wanaiita tubeless: hiyo ni ya motokari nyingi za leo. Dawa ya moja si dawa ya nyingine. Kijana akinunua kisanduku cha viraka vya kinga na kukiweka katika motokari, siku ya shida atakuwa na mikono mitupu.

Kwa mupira wa ndani, tafuta viraka vyenye ukingo mwembamba, msasa kidogo, na tyubu ya kole. Kole ndiyo roho ya kisanduku. Si gundi ya karatasi: ni mpira ulioyeyushwa, nao unashikamana na mpira wa kiraka mpaka viwe kitu kimoja. Bonyeza tyubu kidogo sokoni. Kama ni ngumu ndani, iache. Tena ujue kwamba kole ikishafunguliwa inakauka haraka, hata kama umefunga kifuniko. Wengi wanabeba tyubu moja miaka miwili, kisha wanashangaa njiani kukuta kavu. Nunua tyubu mbili ndogo kuliko moja kubwa.

Kwa tubeless, unahitaji chuma cha kusugua tundu chenye meno, sindano kubwa yenye jicho, na meshi, ndiyo kamba fupi zenye kunata. Tazama mikono ya vyuma vile. Pine ya motokari ina nyuzi za chuma ndani yake, na kuipenya kunataka nguvu nyingi. Mkono wa plastiki ulionyooka unavunjika ao unakuchoma kiganja. Tafuta mkono wa chuma wenye umbo la herufi T. Meshi nzuri ni laini na inanata vidoleni. Ikiwa imekauka na kupasuka, mwachie muuzaji.

Kuna pia chupa ya kupulizia dawa ndani ya pine. Inasaidia kwa tundu dogo la msumari tu. Kwa pine iliyopasuka haifanyi kitu. Na ukiitumia, mwambie fundi kabla hajafungua, maana dawa nyingine inashika moto.

Pamoja na hivi, weka pompi, kipimo cha upepo, koleo, kisu, kriki, ufunguo wa bulo, ubao mpana wa kuweka chini ya kriki ili isizame katika matope, tochi, pembetatu ya kuonya wengine, na vipande viwili vya mti vya kuzuia magurudumu. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: siku moja, nyumbani, jaribu vyote. Ufunguo unaingia katika bulo zako? Pine ya akiba ina upepo? Kinyume chake, kisanduku ni mapambo tu.

Kuziba mupira wa ndani

Kijana mwenye kinga anaweza kufanya kazi hii chini ya muembe kwa muda usiozidi nusu saa.

1. Toa mupira, uujaze upepo kidogo, uupitishe katika beseni la maji. Mahali povu linapotoka, weka alama.
2. Pitisha kitambaa ndani ya pine, si vidole vitupu. Mwiba ao waya bado uko pale. Usipouondoa, utaziba tena baada ya mita mia.
3. Kausha mupira, sugua kwa msasa fasi kubwa kuliko kiraka, mpaka mng'ao uondoke. Futa vumbi. Usiguse tena kwa kidole chenye mafuta.
4. Pakaa kole nyembamba, nayo ipite ukingo wa kiraka. Kisha ngoja. Hapa ndipo vijana wanaharibu. Kole ikiwa bado maji, kiraka kinateleza. Ngoja dakika kama tano, mpaka uso wake using'ae tena.
5. Weka kiraka, bonyeza kwa nguvu toka katikati kwenda ukingoni. Pakaa unga kidogo wa chaki ili mupira usishikamane na pine.
6. Jaza upepo kidogo, jaribu katika maji, kisha rudisha. Angalia mupira usibanwe kati ya pine na janti.

Mafundi wengi wa barabarani, ambao tunaita kwado, wanatumia moto: pistoni ya zamani inafungwa juu ya kiraka, na ndani yake wanachoma esanse kidogo. Kazi ya moto inashika vizuri ikifanywa na mwenye kuijua. Lakini mtoto asikae karibu, na bidoni ya esanse isiwekwe pale pale.

Kuziba tubeless

Ukiona msumari katika pine, usiukimbilie kuung'oa. Mara nyingi msumari wenyewe ndio unaozuia upepo. Kama pine bado ina nguvu na fundi yuko karibu, nenda polepole mpaka kwake. Kama huwezi, simama fasi tambarare mbali ya lami, weka pembetatu nyuma, zuia magurudumu.

Tayarisha meshi katika jicho la sindano kwanza. Ng'oa msumari kwa koleo na uangalie umeingia kwa upande gani. Ingiza chuma chenye meno kwa upande ule ule, sukuma na kuvuta mara kadhaa. Pakaa meshi kole, isukume mpaka ibaki nje sentimita moja ao mbili, kisha vuta sindano haraka. Meshi itabaki. Kata kilichozidi, ukiacha kidogo. Jaza upepo, kisha pakaa maji ya sabuni: ikiwa hakuna povu, umefaulu.

Lakini kuziba huku ni kwa kukufikisha, si kwa kukaa nako. Ukifika, fundi aitoe pine kwenye janti, atazame ndani, na kuweka kiraka cha ndani. Macho ya nje hayaoni yaliyo ndani.

Pine ya kukataa

Kwado mmoja wa Kikula, kijana tu, aliletewa pine na papa mwenye taxibus. Papa alikuwa na abiria, na haraka. Kijana aliigeuza, akapitisha mkono ubavuni, akasema: «Papa, hii ilishakufa. Ilitembea bila upepo.»

«We ziba tu, kijana wangu. Tunaenda paka Kambove.»

«Papa, ona huku. Nyuzi zilishaonekana. Nikikuzibia hapa, njo kusema nimekudanganya. Beba tu feza yako.»

Alipoteza feza ya kazi ile. Papa alinung'unika, kisha akafunga pine ya akiba. Abiria walimwona kijana yule kama mtu mgumu. Lakini wao ndio waliofika nyumbani.

Alisema kweli. Tundu la kuzibwa ni lile lililo katika uso unaokanyaga barabara, nalo lisizidi milimita 6. Ubavu wa pine unajikunja kila gurudumu linapozunguka. Kiraka hakidumu pale. Tena pine iliyotembea bila upepo, hata mwendo mfupi, inakatwa ndani na janti. Ukiijaza, inaweza kusimama vizuri asubuhi na kupasuka saa sita, jua likiwa kali na gari limejaa watu.

Hatari kubwa kuliko zote iko katika makamio yenye janti za duara la chuma, zile zinazofungwa kwa pete. Pine ya motokari ndogo ina upepo wa bar 2 hivi. Ya kamio inafika 7 ao 8. Pete isipokaa sawasawa, inaruka kama risasi, na imeua mafundi wengi duniani. Pine ile ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, ao ikifungwa kwa minyororo, na mwenye kujaza asimame pembeni, kamwe si mbele yake. Wazazi, mkataze mtoto wenu kufanya kazi hii ya kamio kwa kujaribu tu.

Ukinunua pine ya okazio, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Ukiona mipasuko midogo kama udongo wa kiangazi, iache.

Mawe ya njiani

Kamio likiharibika kwetu, dereva anaweka mawe makubwa chini ya magurudumu, na matawi mbele na nyuma. Ni vizuri. Lakini akimaliza anaondoka, mawe yanabaki katikati ya lami. Usiku, kijana wa moto anakuja. Ni watu wangapi wamekufa kwa jiwe ambalo mwenzao aliliacha kwa uvivu wa dakika moja? Kwa hiyo tumesema: beba vipande vyako vya mti, na uondoke navyo.

Na upande wa Shinkolobwe kuna sababu ya pili. Usiokote jiwe la kule kwa kuzuia gurudumu, wala usilibebe nyumbani kwa sababu ni zuri. Mawe yenye uranium mara nyingi yana rangi ya njano ao ya kijani, watoto wanayapenda. Jiwe halitakuchoma mkono, hutasikia kitu. Lakini likikaa miezi chini ya kiti cha gari ao ndani ya nyumba, vumbi lake linaingia katika pumzi ya jamaa. Mkimkuta mtoto nalo, mwambieni aliache, anawe mikono.

Neno la mwisho

Tunajua mfano wa wanawali kumi katika Matayo 25. Wote walikuwa na taa, wote walisinzia. Tofauti ilikuwa mafuta ya akiba tu, na usiku wa manane haukuwa wakati wa kwenda dukani. Kisanduku cha viraka ni mafuta yale. Na tunajua yule Msamaria wa Luka 10, ambaye alisimama njiani kwa mtu asiyemjua. Ukimwona mwenye kinga ameketi kando ya njia na gurudumu mikononi, na wewe una kole, simama. Dakika ishirini hazitakuchelewesha mbinguni.

Bwana awalinde katika safari zenu.

*Maulizo ya kuzungumza katika jamaa na vikundi vya vijana*

1. Nani nyumbani kwetu anaweza kuziba mupira wa kinga? Wasichana nao wamefundishwa?
2. Gari linalobeba kwaya yetu lina pine ya akiba yenye upepo? Nani aliitazama mara ya mwisho?
3. Kwado alikataa feza. Katika kazi yetu, ni wapi tunaombwa kuziba kitu ambacho kilishakufa?